Kadi Juu ya Mdomo

Nilikuwa nafunga midomo ya yule mama kwenye neno "mimi" wakati Mama Kadi alipovuta kiti na kuketi nyuma yangu. Sikugeuka. Herufi m inataka midomo ikutane kabisa, angalau kwa fremu mbili, na m ya pili nilikuwa nimeipa moja tu, kwa hiyo kila nilipoicheza ilionekana mama ametoka kung'olewa jino na ganzi haijaisha. Nikaongeza fremu. Nikarudi nyuma, nikacheza tena. Midomo ikakutana, ikaachana, ikakutana.

"Mimi sijambo, mwanangu," akasema mama wa katuni. "Huku kila kitu kiko sawa. Wewe usihangaike."

Sekunde tisa. Kila sekunde inabeba picha ishirini na nne, ndizo tunazoziita fremu, kwa hiyo nilikuwa na fremu mia mbili na kumi na sita za mwanamke aliyesimama jikoni kwake, simu ameilaza mezani, anamwambia mwanawe aliye mbali kwamba hana shida. Ana shida. Mtazamaji anatakiwa aijue kabla mtoto hajaijua. Hiyo ilikuwa wiki yangu ya tatu kwenye sekunde hizo tisa, na wenzangu karibu wote walishamaliza sehemu zao za filamu.

Pale ofisini jina langu ni Fundi Midomo. Walinipa kwa mzaha, kwa sababu kwa muda mrefu midomo ndiyo pekee niliyoiweza. Kazi hii sikuisomea. Nilijifunza mbele ya kioo cha kabati la dada yangu, nikisema sentensi moja mara mia na kuandika kwenye daftari ni kiungo kipi kilianza na kipi kilifuata. Mwanzoni nilikuwa nafungua kinywa kwa kila silabi, na watu wangu wakawa wanaongea kama mbuzi anayetafuna karatasi. Ilinichukua mwaka mzima kugundua kwamba hakuna binadamu anayefungua kinywa mara sita kwa ajili ya "usihangaike". Hufungua mara mbili, labda tatu, na silabi nyingine hupita humo humo. Ilinichukua miaka mingine miwili kugundua kwamba midomo ni ya mwisho. Macho hutangulia kichwa, kichwa hutangulia bega, pumzi huingia kabla ya neno, na mtu akibadili wazo hupepesa. Yote hayo yakishakaa sawa, ndipo unaweka midomo.

Mama Kadi ndiye msimamizi wetu. Jina lake linatokana na kipande cha boksi la viatu anachotembea nacho, amekikata ukubwa wa kiganja. Akija kukagua kazi anakuambia uzime sauti, kisha anakiweka kwenye kioo cha kompyuta juu ya mdomo wa mhusika. Anasema mdomo wowote unaweza kusema chochote. Yeye anataka kujua mwili unasema nini.

Huyu mama wangu alishamkataa mara mbili. Mara ya kwanza nilikuwa nimeiacha mikono yake yote miwili inaning'inia sawasawa, kosa ambalo sisi tunaliita mapacha. Alitazama mara moja tu. "Umenitundikia gauni kwenye msumari," alisema. Mara ya pili nikampa mama mikono yenye kazi nyingi, mara kifuani, mara kiunoni, mara juu. Mama Kadi akacheka hadi akavua miwani. "Sasa amekuwa trafiki. Anaongoza magari jikoni."

Basi nikafanya nilichozoea kufanya nikikwama. Nilirudi nyumbani, nikamsimamisha Dada mbele ya kabati, nikamchezea sauti ya mwigizaji kwenye simu, nikamwomba aseme pamoja nayo huku namrekodi. Akasema mara tatu. Mara ya pili ndiyo iliyokuwa yenyewe. Nikaichukua ile rekodi na kuinakili fremu kwa fremu: shingo, bega, kiwiko, vidole. Leo nilikuwa nimefika kwenye midomo.

"Zima sauti," alisema Mama Kadi.

Nikazima.

"Fundi, leo mama yako amemeza nini?" aliuliza Jirani kutoka meza ya pili. Yeye huchora kuta na madirisha, na kwa kuwa kuta haziongei, ana muda wa kuingilia mambo ya watu. "Juzi alikuwa trafiki."

"Wewe chora masufuria yako," Mama Kadi alimwambia. Akaweka kadi.

Alitazama mara ya kwanza. Akaniashiria nirudie. Alitazama mara ya pili akiwa amesogeza kiti. Mara ya tatu hakukaa tena. Alisimama, akaiacha kadi imebanwa na kidole gumba kwenye kioo, na mkono wake mwingine ukaanza kuigiza. Nilimwona akiuachanisha mkono wake wa kushoto na mbavu, kidogo tu, kama mtu aliyebana kitu kwapani na hataki kianguke wala kibanike sana.

"Huyu anaumwa wapi?" aliuliza.

"Haumwi. Hadithi inasema yuko mpweke."

"Najua hadithi inasema nini. Tazama." Akagusa kioo. "Anaposema hajambo anashusha mabega. La kulia linashuka. La kushoto linakataa. Hapa mwishoni anataka kuigusa simu. Simu iko kushoto kwake, lakini anavusha mkono wa kulia tumboni mpaka huko. Na pumzi. Anavuta upande mmoja. Ulikusudia?"

Nilitamani kusema ndiyo. Ilikuwa sifa kubwa kuliko zote nilizowahi kupewa kwenye ile meza.

"Sikukusudia. Nilinakili."

"Kutoka kwa nani?"

"Kwa dada yangu."

Jirani alikuwa amefungua mdomo atie neno. Akaufunga.

Mama Kadi akaitoa kadi taratibu. Mama wa katuni aliendelea kusema bila sauti, tena na tena, maana nilikuwa nimeiacha picha ijirudie yenyewe. "Picha ni nzuri sana," Mama Kadi alisema. "Usiguse kitu chochote zaidi ya midomo. Keshokutwa iwe tayari." Akatembea hatua tano, sita, kisha akarudi.

"Dada yako ana umri gani?"

"Arobaini na nane."

"Leo nenda nyumbani mapema," alisema. "Kamtazame."

* * *

Sikuondoka mara moja. Nilitaka kuwa na hakika, na njia yangu ya kupata hakika ni ile ile moja.

Ninazo rekodi za Dada kumi na tisa. Zimekusanyika kwa miaka minne, kila moja ina tarehe yake, na zote nilizipiga mahali pamoja, mbele ya kabati lile lile, yeye akiwa amesimama nyuma ya mstari wa utepe mweupe nilioubandika sakafuni ili ukubwa wake usibadilike. Dada amekuwa mwalimu mwenye hasira, bibi harusi, mlinzi anayesinzia, mwizi wa kuku. Anaigiza vizuri kuliko mimi kwa sababu haoni aibu. Nikazipanga zote kumi na tisa kwenye kioo kwa tarehe, safu nne, bila sauti. Nikachukua rula ya plastiki.

Katika rekodi kumi na mbili za mwanzo, akisimama kawaida, kiwiko cha kushoto kinalala kwenye mbavu na huoni mwanga katikati. Katika ya kumi na tatu kuna uwazi wa unywele. Katika ya kumi na tano, milimita nne. Katika ya kumi na tisa, ile ya majuzi, milimita kumi na moja kwenye kioo changu. Na kuanzia ile ya kumi na tano kuna jambo jingine ambalo halikuhitaji rula: mkono wa kushoto wa gauni lake ni mpana kuliko wa kulia. Magauni tofauti, rangi tofauti, na kila moja lina upande mmoja mpana.

Rekodi ya kumi na tatu ilikuwa ya miezi kumi na mmoja iliyopita. Alikuwa mwanamke anayeanika nguo kwenye kamba. Anainua mikono yote miwili. Wa kulia unafika juu, wa kushoto unaishia usawa wa sikio. Nilikumbuka siku ile. Alisema amelalia bega vibaya. Nikafungua daftari langu nitafute nilichoandika tarehe ile, na nilikuwa nimeandika, kwa mwandiko wangu mzuri: *Kushoto inabaki chini ya kulia. Nzuri. Inaondoa mapacha. Mwambie afanye hivi tena.*

Nikafunga daftari. Nikahifadhi kazi, nikaitia pamoja na zile rekodi kwenye kompyuta ndogo ya kubeba, nikaondoka. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa na robo mchana.

* * *

Dada ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho cha kazi: cherehani karibu na dirisha, meza ndefu ya kukatia, sare za shule zimekunjwa kwa mafungu kulingana na ukubwa, na lile kabati lenye kioo. Mama yetu alipofariki mimi nilikuwa darasa la tano na yeye ana miaka ishirini na miwili. Tangu hapo yeye ndiye aliyekuwa akinipima viatu. Tunaishi chini ya paa moja. Kila asubuhi nakunywa chai iliyomiminwa na mkono wake. Wa kulia, nilikumbuka nikiwa mlangoni.

"Makubwa!" alisema aliponiona. "Wamekufukuza?"

"Hapana."

"Basi umeme umekatika. Wewe hujawahi kurudi na jua."

"Nimeruhusiwa mapema."

"Kwa kosa gani?" Akacheka, akaendelea kusukuma kitambaa chini ya sindano. Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Nilimtazama akishona kola nzima. Mkono wa kulia ulikuwa ukiongoza kitambaa, ukirudi kuzungusha gurudumu, ukirudi tena kwenye kitambaa. Wa kushoto ulikuwa umewekwa juu ya meza ya cherehani mbali na mwili, kama kitu cha mteja alichoombwa amtunzie.

"Dada, nishushie kopo la vifungo."

Kopo hukaa juu ya kabati, upande wa kushoto. Akasimama, akavuta kigoda, akapanda.

"Kwa mkono wa kushoto," nikasema.

"Wa kulia umekukosea nini?"

"Naomba tu."

"Wewe na mapozi yako. Kamera iko wapi?"

"Sina kamera."

Akageuka akiwa juu ya kigoda. Alinitazama kwa muda, kisha akashuka bila kopo, akarudi kwenye cherehani, akaweka mguu juu ya pedali ila hakuikanyaga.

"Mimi sijambo, bwana mdogo," alisema. "Wewe usihangaike."

Hakuwa anaigiza. Nadhani hata hakukumbuka kwamba ndiyo maneno yaliyokuwa kwenye simu yangu. Lakini mimi nilikuwa nimekaa na maneno hayo wiki tatu. Nilijua bega la kulia litashuka lini, na likashuka. Nilijua la kushoto litafanya nini.

 Nikafungua kompyuta juu ya meza ya kukatia, nikasogeza sare pembeni, nikaziweka zile rekodi zicheze moja baada ya nyingine, bila sauti. "Njoo uone," nikamwambia. "Ni zako zote."

Alikuja kwa sababu anapenda kujiona. Kwa mlinzi anayesinzia alicheka akapiga meza. "Ona nilivyokuwa bonge! Na hicho kitambaa cha kichwa, we, nilikipeleka wapi?" Kwa bibi harusi alisema, "Huyu bwana harusi amkimbie mapema." Kwa mwizi wa kuku alicheka kidogo. Rekodi ya kumi na mbili ikapita. Ikaja ya kuanika nguo, mikono ikapanda, wa kushoto ukaishia sikioni.

Sikumwonyesha kwa kidole. Dada amepima miili ya watu kwa miaka ishirini na sita. Mtu akiingia mlangoni anajua bega gani liko chini kabla hajachukua futi.

"Limeshuka kidole kimoja na nusu," alisema, kwa sauti anayotumia kwa wateja.

Akaziacha zilizobaki zicheze. Ya kumi na nne. Ya kumi na tano, na mkono mpana wa gauni. "Hapo niliongeza kipande kwapani," alisema. "Nimeongeza kwenye nguo zangu zote. Nilijua hutaona. Mwanaume haoni mshono." Ya kumi na tisa ilipoisha, kioo kikawa cheusi na tukajiona sisi wenyewe ndani yake, vichwa viwili.

"Zima," akasema.

"Imeshazima."

Akachukua kipande cha kitambaa kutoka kwenye mabaki. "Kivimbe cha kwapani kilianza hivi." Akabana ncha kati ya vidole viwili, ukubwa wa punje ya mahindi. Kisha akakikunja kile kitambaa, akakikunja tena, akakibiringisha mpaka kikawa donge la ukubwa wa yai, akaliweka mezani kati yetu. "Sasa hivi ni hivi. Wiki hii limeanza kutoa maji."

"Umemwonyesha nani?"

Akafungua daftari lake la vipimo. Katikati ya kurasa, baina ya viuno na mapaja ya watu, kulikuwa na barua iliyokunjwa mara nne. Ilitoka zahanati. Ilimtaka aende hospitali kubwa *bila kuchelewa*, na maneno hayo mawili yalikuwa yamepigiwa mstari. Nikatafuta tarehe. Miezi minane.

Nilisoma mara mbili ili nisilazimike kuinua uso.

"Usinilaumu," alisema.

"Sijakulaumu."

"Mama alikwenda kwa miguu yake. Nilikuwa nyuma yake nimebeba chupa ya maji. Alipanda ngazi mwenyewe, anamtania mlinzi. Wakamlaza, wakamkata, na wiki ya tatu nilirudi na viatu vyake kwenye mfuko. Nilijiambia, kabla ya kisu alikuwa anapanda ngazi." Akalisukuma lile donge la kitambaa kwa kidole, likaanza kufunguka lenyewe. "Hata gauni hawakulivua. Hakuweza kuinua mkono, wakalikata kwa mkasi kuanzia shingoni. Gauni nililomshonea mimi. Unajua nilikasirikia lipi zaidi, mkasi au kifo? Nilikuwa mdogo. Nilikasirikia mkasi."

"Ungeniambia."

"Ungeacha kazi ukae unanitazama."

"Nilikuwa nakutazama, Dada. Miaka minne."

"Ulikuwa unatazama mikono," alisema. Hakusema kwa kunichoma. Alisema vile anavyomwambia mteja kwamba kitambaa alicholeta hakitatosha.

Nje mtu alipita na toroli, magurudumu yakipiga kelele. Tulisubiri apite kana kwamba alikuwa anatuhusu.

"Twende kesho," nikasema. "Foleni inaanza saa kumi na mbili asubuhi. Tutoke saa kumi na moja."

"Na kwenye hiyo picha yako," aliuliza, "huyo mama anao mkono huu?"

"Anao."

"Nionyeshe."

Nikamwonyesha. Alitazama yule mwanamke wa rangi, mwenye sura ambayo si yake, nywele zisizo zake, amesimama jikoni ambako hajawahi kuingia. Hakuhitaji kadi, midomo yenyewe ilikuwa nusu tu. Alitazama hadi mwisho, pale mkono wa kulia unapovuka tumbo kwenda kwenye simu. Akajikumbatia.

"Watu wataiona?"

"Ndiyo."

"Watu wengi?"

"Tunatumaini hivyo."

"Utoe," alisema. "Nitakwenda kesho. Lakini mkono huo utoe. Sikuwaonyesha watu hai, nisionyeshwe na katuni."

Kabla ya kusema "kesho", macho yake yalikwenda kwenye cherehani, yakarudi. Ninayo kanuni ya macho, nimeiandika ukurasa wa kwanza wa daftari: hutangulia kila kitu. Haisemi chochote kuhusu kama mtu atatimiza.

"Nitautoa," nikasema.

* * *

Nilimwandikia Mama Kadi kwenye simu kwamba kesho sitakuwepo, na kwamba mkono wa kushoto utabadilika. Alijibu baada ya dakika chache. *Umeona?* Nikajibu: *Nimeona.* Hakuandika tena. Sikujua kama hiyo ilikuwa ruhusa, lakini nilianza.

Ile sehemu ina pozi kuu nne, na vitu vyote vingine hupita katikati yake. Mama amesimama. Mama anashusha mabega. Mama anavuta pumzi. Mama anagusa simu. Nikaanza na ya kwanza: nikashika kiwiko, nikakilaza kwenye mbavu. Nikanyoosha bega. Nikafanya vivyo hivyo kwa pozi ya pili, na nilihakikisha mabega hayashuki pamoja, moja litangulie fremu tatu ili yasiwe mapacha. Nilifanya kazi kama ninavyofanya siku zote, bila haraka, nikihifadhi kila baada ya hatua. Dada alikuwa nyuma yangu kwenye kigoda, sikuona anafanya nini. Nilisikia mkasi mdogo wa kufumulia ukikata nyuzi, tik, tik, tik.

Jua lilikuwa limefika kwenye miguu ya cherehani. Nikacheza nusu ile ya kwanza. Nikaweka kidole gumba juu ya mdomo wa yule mama.

Dada alisogea akaegemea mgongo wa kiti changu. Niliusikia uzito wake upande wa kulia tu.

"Huyo ni nani sasa?"

"Ni yule yule. Nimeutoa mkono."

"Mh." Akatazama ikijirudia. "Huyo hadanganyi. Huyo kweli hajambo."

Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimemponya. Yule mama alisimama jikoni kwake akiwa mzima wa afya, akamwambia mwanawe asihangaike, na hapakuwa na sababu ya mtu yeyote kuhangaika. Kisha picha ikafika katikati, mahali nilipoishia, na kiwiko kikaruka ghafla kutoka mbavuni, fremu moja tu, akawa mgonjwa.

"Hapo je?"

"Hapo sijafika. Zimebaki pozi mbili."

"Na midomo?"

"Midomo ni ya mwisho."

 Nilisubiri aseme niurudishe mkono, na nilisubiri aseme niendelee kuutoa. Hakusema lolote kati ya hayo. "Iache hivyo kwanza," alisema. "Njoo unishikie hapa."

Nikageuka. Kwenye mapaja yake kulikuwa na gauni lake la bluu, lile analovaa akienda mbali. Alikuwa amelifumua mbele, kuanzia shingoni hadi chini, mshono wote, na tayari amekunja kingo mbili na kuzibana kwa pini. Kopo la vifungo lilikuwa sakafuni karibu na mguu wake. Sikuwa nimemsikia akilishusha. Vifungo vinane vya bluu vilikuwa vimepangwa kwenye kifuniko.

"Kama koti," nikasema.

"Kama koti. Mtu analala, wanafungua, wanaangalia, wanafunga. Sitaki mkasi wa mtu kwenye nguo yangu." Akanipa ukingo mmoja. "Vuta. Siyo hivyo, utalipinda. Vuta kama mtu anayetaka kazi."

Nikavuta. Alishona kwa mkono wa kulia, na mimi nikawa wa kushoto: nashika kitambaa, nasogeza, nashikilia kifungo kikae wima sindano ipite. Mara mbili alinichoma kidole. Mara moja nilipoangalia uso wake badala ya kitambaa alinipiga kofi dogo mkononi. "Macho hapa, Fundi Midomo." Hakuna aliyemwambia jina hilo, labda alinisikia nikiongea na Jirani kwenye simu.

Alipomaliza kifungo cha tano mwanga ulikuwa umeondoka kwenye meza na harufu ya maji ya vidonda, ambayo wiki hii nzima nilidhani ni dawa ya nguo za wateja, ilikuwa imenifikia mara kadhaa. Alikata uzi kwa meno. Akanyoosha gauni, akalitazama.

"Vitatu vimebaki," nikasema. "Tumalizie."

"Bega limechoka." Alisema hivyo wazi, kwa mara ya kwanza, akiliangalia. Kisha akachomeka sindano kwenye kitambaa mahali pa kifungo cha sita, uzi ukiwa bado ndani, akalitundika gauni kwenye mlango wa kabati juu ya kioo. "Niamshe saa kumi kasoro. Vitatu ni dakika kumi na tano."

Nikahifadhi kazi. Kioo cha kompyuta kilikuwa bado kinamwonyesha yule mama, amesimamishwa kwenye fremu ya mia moja na tisa, kiwiko kiko kwenye mbavu, midomo imefungwa kwa ajili ya m. Nikaweka saa ya simu iniamshe saa tisa na nusu usiku. Halafu nikaweka ya pili.